Namna ya Kuitembelea Manowari HMS Belfast Jijini London

Manowari HMS Belfast imefungwa kwenye ukingo wa kusini wa Mto Thames, kati ya daraja la London Bridge na lile la Tower Bridge, na mtu yeyote mwenye tiketi anaweza kuipanda na kuizunguka kuanzia vyumba vya injini vilivyo chini ya usawa wa maji hadi kwenye chumba cha juu ambako nahodha alitolea amri. Ilishushwa majini mjini Belfast tarehe 17 Machi 1938, ikaingia kazini Agosti 1939, ikapigana katika Vita vya Pili vya Dunia na baadaye katika Vita vya Korea, ikaondolewa jeshini mwaka 1963, na tangu tarehe 21 Oktoba 1971 imekuwa makumbusho. Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili ipo sababu ya ziada ya kuijua: Disemba 1961 meli hii ilikuwa Dar es Salaam, na ndiyo iliyotoa gwaride la heshima la Uingereza katika sherehe za uhuru wa Tanganyika.

Wageni wengi hupanda, hupiga picha mbele ya mizinga, huchungulia vyumba viwili vitatu, kisha huteremka kwenda kutafuta chakula. Tiketi yao imelipwa lakini meli hawajaiona. Wazee wa pwani husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani; tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumbo lake la chini. Katika manowari hii mimi ninashauri uanze hukohuko ngamani, kwenye boila na injini, upande polepole kupitia makao ya mabaharia, na mizinga uiache iwe ya mwisho. Mizinga hiyo isingeweza kupiga hata kombora moja bila mvuke, umeme na watu mia kadhaa waliokula na kulala humo ndani, na mpangilio huu wa kutembea ndio unaoifanya meli ieleweke.

Kabla ya kwenda

HMS Belfast iko chini ya taasisi ya Imperial War Museums, ambayo makumbusho yake makuu ya London huingiwa bure, lakini kwa meli hii kiingilio hulipwa. Bei hubadilika, na saa za kufungua hutofautiana kwa majira, kwa hiyo angalia tovuti rasmi ya taasisi hiyo siku chache kabla ya safari yako na ununue tiketi humohumo. Angalia pia kama kuna sehemu ya meli iliyofungwa kwa matengenezo. Chombo cha chuma kinachokaa majini mwaka mzima hakiishi kukarabatiwa, na ni afadhali ujue mapema kuliko kumwahidi mtoto chumba cha injini halafu mkakuta mlango umefungwa.

Chagua asubuhi ya siku ya kazi. Njia za ndani ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili wanene hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu, na wakati wa likizo za shule za Uingereza foleni kwenye ngazi huwa ndefu. Tenga saa tatu kamili. Wapo wanaopanga kuona meli hii na ngome ya Tower of London, iliyo ng'ambo ya mto, kwa siku moja. Kwa maoni yangu mpango huo unaziharibu zote mbili, hasa ukiwa na watoto au wazee.

Maelezo yaliyobandikwa melini yameandikwa kwa Kiingereza. Ukimpeleka mzazi au ndugu ambaye lugha yake ni Kiswahili, jambo linalofaa zaidi ni kumsimulia historia ya meli nyumbani, kwa utulivu, kabla hamjatoka. Ndani ya meli hakuna nafasi ya kusimama na kutafsiri ubao mzima huku watu kumi wakisubiri nyuma yenu. Mtu aliyekwisha kusikia habari za Bahari ya Aktiki, za pwani ya Normandy huko Ufaransa na za Dar es Salaam ataangalia kila chumba akijua anaangalia nini.

Kufika ni rahisi. Kituo cha karibu ni London Bridge, ambacho kinahudumiwa na treni za kawaida na pia na treni za chini ya ardhi za njia ya Northern na Jubilee. Toka upande wa Tooley Street, vuka barabara, pitia kwenye jengo la Hay's Galleria hadi ukingoni, na meli utaiona mbele yako kulia. Anayetaka kuiona kwanza kwa urefu wake wote, ambao ni mita 187, ashuke kituo cha Tower Hill na avuke mto kwa miguu juu ya Tower Bridge. Kutoka katikati ya daraja hilo meli huonekana nzima, kuanzia omo hadi tezi, na hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kuipiga picha.

Mavazi, watoto na wasioweza kupanda ngazi

Hili lichukuliwe kwa uzito. Meli ina sitaha tisa, na zinaunganishwa kwa ngazi za chuma zenye mwinuko mkali sana. Vaa viatu bapa vyenye nyayo zinazoshika, kwa maana sitaha ya chuma ikinyeshewa huteleza. Anayevaa baibui, kanzu au sketi ndefu awe na namna ya kuipandisha na kuikaza ili mikono yote miwili ibaki huru, maana pindo likinaswa na ncha ya kiatu katikati ya ngazi, hakuna nafasi ya kujirekebisha. Begi liwe dogo na la mgongoni. Sanduku la safari lisiletwe kabisa. Chukua koti hata kama jua linawaka, kwa sababu upepo wa mtoni huko juu ni mkali kuliko ule wa barabarani, ilhali chini kwenye vyumba vya mitambo hewa ni nzito na utataka kulivua.

Ngazi hushukwa kwa kuitazama ngazi yenyewe, si kwa kuipa mgongo. Shika vyuma vya pande zote mbili, teremsha mguu mmoja hadi uhisi kidato, ndipo ufuatishe wa pili. Kwenye milango ya chuma kuna mambo mawili ya kuangaliwa kwa wakati mmoja: kizingiti kilichoinuka kutoka sakafuni, ambacho kazi yake ilikuwa kuzuia maji yasitiririke kutoka chumba hadi chumba, na kichwa cha mlango kilicho chini kuliko ulivyozoea. Mtu mrefu huinamisha kichwa akasahau mguu, au huinua mguu akajigonga paji la uso. Wafundishe watoto mapema kuinama na kuinua kwa pamoja.

Kwa watoto wa kuanzia miaka sita hivi, meli hii ni mahali pazuri mno. Mtoto mchanga ni afadhali abebwe kwa mbeleko, kwani kigari chake hakitapita popote zaidi ya sitaha ya kuingilia. Mtumiaji wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia na kuona sehemu fulani, lakini vyumba vya injini na vile vya juu kabisa havifikiki bila kupanda ngazi, kwa hiyo wasiliana na makumbusho mapema ili kujua hali ilivyo siku hiyo. Ikiwa katika familia yupo ambaye magoti yake hayaruhusu, msimlazimishe. Kwenye sitaha za wazi na za katikati kuna mengi ya kutosha. Kubalianeni pia mahali na saa ya kukutana, maana ndani ya kuta za chuma simu haina mtandao wa kutegemewa.

Sitaha ya nyuma

Utavuka daraja dogo kutoka nchi kavu. Mteremko wake hutegemea maji, kwa sababu Thames hapa hujaa na kupwa kwa mita kadhaa na meli, ambayo bado inaelea, hupanda na kushuka pamoja nayo. Daraja hilo linakufikisha kwenye sitaha ya nyuma, mahali ambapo katika manowari za Uingereza ndipo palipofanyiwa mapokezi ya viongozi na shughuli zote za heshima.

Simama hapo kidogo ukumbuke Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa, Julius Nyerere akiwa Waziri Mkuu na Mwanamfalme Philip akimwakilisha Malkia, na gwaride la heshima la upande wa Uingereza lilitolewa na meli hii unayoikanyaga. Nahodha wake wakati huo alikuwa Morgan Morgan-Giles. Miaka michache baadaye, meli ilipokuwa imeegeshwa Portsmouth ikisubiri kuuzwa kama vyuma chakavu, Morgan-Giles, sasa akiwa mbunge na admirali mstaafu, ndiye aliyeongoza mfuko wa kuiokoa na kuileta London. Kwa hiyo mtu aliyeitia nanga Tanganyika siku ya uhuru ndiye huyohuyo ambaye bila juhudi zake wewe leo usingekuwa na meli ya kutembelea. Ninaona jambo hili lina uzito kwetu, na ningependa kila Mtanzania anayepanda meli hii aingie akilijua.

Tazama pia rangi kabla hujateremka. Ubavu wa meli umepakwa mabaka ya kijivu, buluu na meusi, ambayo ilikuwa mbinu ya kumchanganya adui asijue umbali wala uelekeo wa chombo. Hayo ni mabaka ya miaka ya vita vya Hitler. Lakini milingoti na chumba cha nahodha unavyoviona vinatokana na matengenezo makubwa yaliyofanywa kati ya mwaka 1956 na 1959. Meli iliyoonekana Dar es Salaam ilikuwa na umbo hili la sasa bila mabaka, na ile iliyopigana mwaka 1943 ilikuwa na mabaka bila umbo hili. Kumbuka jambo hilo katika kila chumba, kwa sababu ndani pia vipindi vimechanganywa: chumba kimoja kinaonyesha maisha ya miaka ya arobaini na kinachofuata kinaonyesha ya miaka ya hamsini. Soma ubao ujue uko mwaka gani.

Ngamani: boila, injini na ghala za makombora

Sasa fuata alama za vyumba vya boila na injini, uteremke mpaka ngazi ziishe. Hapa uko chini ya usawa wa maji, na mto uko upande wa pili wa bamba la chuma. Pande za meli katika sehemu hii zimekingwa kwa ukanda wa chuma wenye unene wa milimita 114.

Kazi ya humu ilikuwa hivi. Mafuta mazito yalichomwa katika boila nne, maji yakageuka mvuke wa mgandamizo mkubwa, mvuke ukapelekwa kwa mabomba hadi kwenye tabini, ambazo ni magurudumu yenye mapanga mengi yanayozungushwa na mvuke huo, na tabini zikazungusha rafadha nne kupitia magia makubwa. Nguvu yote kwa pamoja ilikuwa farasi 80,000, iliyoweza kuisukuma meli kwa kasi ya noti 32, yaani karibu kilomita 60 kwa saa. Boila na injini hazikuwekwa zote mahali pamoja. Zipo katika vyumba vinne vilivyopishana, cha boila kikifuatwa na cha injini, kisha tena cha boila na cha injini, ili kombora au bomu likiharibu upande mmoja, upande mwingine uendelee kuisukuma meli. Ukitembea kutoka kimoja hadi kingine utauona mpango huo kwa miguu yako mwenyewe, na nadhani ni somo la uhandisi lisilopatikana kwa urahisi kwenye vitabu.

Usipite haraka. Simama mbele ya boila moja utazame vishikizo vya vali: kila kimoja kimezungukwa na bomba, kila bomba lina kibao chake cha jina, na juu yake kuna saa za kupima mgandamizo ambazo mtu alipaswa kuzikodolea macho zamu nzima. Fikiria joto lililokuwepo wakati mioto inawaka, kelele za feni na tabini zilizowalazimu watu kuongea kwa ishara, na giza la kutojua kinachotokea juu. Mabaharia wa humu hawakuona vita. Walisikia mishindo, wakapokea amri za kuongeza au kupunguza kasi, na ikitokea meli kuzama, wao ndio waliokuwa na ngazi nyingi zaidi za kupanda. Watoto huuliza maswali mazuri sana mahali hapa. Wapeni muda.

Kutoka hapo tafuta ghala la makombora na la baruti, chini ya minara ya mizinga. Kombora moja la mzinga mkubwa wa meli hii lina uzito wa kilo 51 hivi, karibu sawa na mfuko wa saruji, na katika mapigano yalipaswa kupandishwa mfululizo kwa lifti hadi juu. Mzinga mmoja uliweza kupiga hadi makombora manane kwa dakika, na mizinga ilikuwa kumi na miwili. Zidisha upate idadi ya mizigo ya kilo 51 iliyopita mikononi mwa vijana wale kila dakika moja, meli ikiyumba.

Makao ya watu

Panda sasa kwenye sitaha za katikati. Meli ilibeba watu kati ya 750 na 850 kwa kawaida, na wakati mwingine zaidi, na hapa ndipo walipoishi. Katika vyumba vinavyoonyesha miaka ya vita utaona vitanda vya turubai vilivyotundikwa darini, kimoja kikigusana na kingine, juu ya meza zilezile ambazo wenyewe walilia chakula. Maofisa walikuwa na vyumba vyao. Tofauti hiyo ya vyeo utaiona wazi, na ni sehemu ya ukweli wa meli isiyopaswa kurukwa.

Pita jikoni, pita kwenye tanuri la mikate, kwa dobi, kwenye zahanati yenye meza ya upasuaji, kwa daktari wa meno, katika duka dogo, kanisani, kisha kwenye vyumba vya mahabusu vilivyo karibu na omo, mahali ambapo meli huruka zaidi kwenye mawimbi. Ukivichukua vyote pamoja unapata mji mzima. Mimi humshauri mgeni achague chumba kimoja kati ya hivi na akae humo muda mrefu, kuliko kuvichungulia vyote. Jiko linafaa sana kwa hilo: tazama ukubwa wa masufuria, yahesabu, kisha ukumbuke kwamba watu hawa walikula kila siku katika maji ya Aktiki, huko ambako barafu iliganda kwenye sitaha hadi ikabidi ivunjwe kwa nyundo na sepetu ili uzito wake usiipindue meli.

Katika misafara hiyo ya kaskazini manowari ililinda meli za mizigo zilizopeleka silaha na vyakula katika Umoja wa Kisovyeti. Tarehe 26 Disemba 1943, karibu na Rasi ya Kaskazini ya Norwei, katika giza la majira ambayo jua halichomozi, HMS Belfast na wenzake waliigundua kwa rada meli kubwa ya Wajerumani iitwayo Scharnhorst, wakaiandama, na jioni ikazamishwa kwa msaada wa manowari kubwa ya Uingereza, HMS Duke of York. Kati ya mabaharia wake zaidi ya 1,900, walioopolewa hai walikuwa 36 tu. Makumbusho ya vita yanayostahili heshima huwaeleza pia waliokuwa upande wa pili, na habari hii hairuhusu furaha nyepesi. Waelezeni watoto hivyo. Ikiwa ni wadogo mno kwa habari ya vifo, waambieni habari ya Olga, paa wa barafuni (kwa Kiingereza reindeer) ambaye Wasovyeti walimpa admirali Burnett, kamanda wa kikosi aliyekuwa katika meli hii, kama zawadi na ambaye alikuwa melini siku ya mapigano hayo. Ila muwe tayari, maana naye mshindo wa mizinga ulimtia wazimu na ikabidi auawe.

Baharia pekee aliyeuawa na makombora ya adui akiwa katika meli hii wakati wa Vita vya Korea, Julai 1952, alikuwa Mchina aliyeajiriwa huko Mashariki. Ninalitaja kwa sababu picha za manowari za Uingereza hutufanya tudhani kwamba kila aliyekuwemo alikuwa Mwingereza.

Juu: chumba cha nahodha na mizinga

Ukimaliza makao, panda hadi juu kabisa. Kwenye chumba cha oparesheni taarifa za rada zilikusanywa na kuchorwa mezani. Kwenye jukwaa la nahodha amri zilitolewa. Pembeni kuna kijichumba ambamo nahodha alilala akiwa safarini ili asiwe mbali hata kwa dakika moja. Tafuta bomba la kusemea lililounganisha juu na chini. Sasa kwa kuwa umetoka chini, unajua sauti iliyopita humo iliishia kwa nani.

Kutoka hapa tazama mbele. Minara miwili ya mizinga ya omo imeinuliwa na kuelekezwa kaskazini-magharibi, na makombora yake, kama yangepigwa, yangeangukia kituo cha mapumziko cha madereva kwenye barabara kuu ya M1, umbali wa kilomita 20 hivi. Wameilenga hivyo kwa makusudi ili mgeni aelewe masafa yake, na kwa mtu anayeijua London hakuna maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Ndiyo mizinga ya aina ileile iliyofyatuliwa alfajiri ya tarehe 6 Juni 1944 kuelekea pwani ya Normandy. Winston Churchill alitaka kuyashuhudia mashambulizi hayo akiwa juu ya meli hii, akazuiwa na Mfalme George wa Sita.

Ukikuta mnara mmojawapo umefunguliwa kwa wageni, ingia, hata kama itabidi usubiri. Ndani utaona jinsi watu walivyobanana na vyuma vinavyorudi nyuma kwa nguvu kila mzinga unapolia, na kutoka hapo ukichungulia shimo la lifti unaitazama njia iliyotoka kwenye ghala ulilolitembelea awali.

Katika sehemu mbalimbali utawakuta wafanyakazi na watu wa kujitolea. Waulize. Swali lenye kipimo hujibiwa vizuri: badala ya kusema "nieleze kuhusu meli," uliza vali hii ilifungua nini, au boila ikipasuka mtu alitokea wapi. Unaweza pia kuwauliza kuhusu safari ya mwaka 1961. Usione haya, kwani hiyo ni sehemu ya historia ya meli kama ilivyo Normandy. Nyumbani, tafuta katika mkusanyo wa picha wa Imperial War Museums ulio kwenye intaneti, ambao mtu yeyote yuko huru kuupekua bila malipo.

Ukiteremka, soko la Borough liko mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu, na hapo mtapata chakula na mahali pa kukaa.

Kwa asiyefika London

Aliye Mombasa anaweza kuanza na Fort Jesus, ambako umehifadhiwa mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, ile iliyoizamisha HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar Septemba 1914 na kisha yenyewe kuangamia katika delta ya Mto Rufiji Julai 1915. Kipenyo cha mdomo wa mzinga huo ni milimita 105, na wa Belfast ni milimita 152. Mtu aliyewahi kusimama kando ya ule wa Mombasa atapata kipimo chema cha kufikiria huu wa London.

Aliye Marekani anayo USS Constitution mjini Boston, meli ya mbao yenye milingoti mitatu iliyoshushwa majini mwaka 1797, ambayo katika safari yake ya kuzunguka dunia ilitia nanga Zanzibar mwaka 1844, wakati wa utawala wa Sayyid Said. Kuipanda ni bure, lakini bado ni chombo cha jeshi la wanamaji, kwa hiyo mtu mzima hutakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, na pasipoti yako inakubaliwa. Humo hakuna boila wala tabini. Anza na sitaha ya chini ambako mabaharia walilala, panda kwenye sitaha ya mizinga, na milingoti iwe ya mwisho.